Uzi: Roboti na hazina za kuvuna faida ya kripto kwenye mitandao mbalimbali – hesabu zake, madaraja, na mahali zinapovunjika

Hesabu_Kwanza

Wakuu, maswali kuhusu zana zinazovuna faida ya kripto zenyewe yamekuwa mengi, na majibu mengi yanaishia kwenye asilimia. Huyu kaona 9, yule kaona 34, mjadala umefungwa. Naomba uzi huu tuutumie kufungua injini yenyewe. Wenye ujuzi wa madaraja, usalama na uandishi wa programu karibuni muongezee.

Tuanze na hili: roboti haizalishi faida. Faida inalipwa na mtu. Anaweza kuwa mkopaji anayelipa riba kwenye Aave, Compound au Morpho. Anaweza kuwa mfanyabiashara anayelipa ada ya kubadilisha sarafu kwenye Uniswap au Curve. Unaweza kuwa mtandao unaowalipa wanaosteki (wanaofungia sarafu zao ili kuulinda mtandao), au mradi unaogawa tokeni zake ili kuvutia fedha za watu. Roboti inafanya kazi ya kibarua tu: kuvuna, kuuza kilichovunwa na kurudisha ndani, kuhamisha fedha penye riba nzuri zaidi, au kupanga upya nafasi iliyotoka kwenye mstari. Kabla ya kuweka hata dola kumi, taja ni nani anayelipa. Ukishindwa kumtaja, hujaielewa bidhaa.

Aina iliyoenea zaidi ni hazina ya pamoja. Yearn ilianza nazo mwaka 2020 kwenye Ethereum, na Beefy ikaanza mwaka huohuo kwenye mtandao wa Binance kabla ya kusambaa kwenye mitandao mingine mingi. Unaweka sarafu, mkataba mahiri (programu inayojiendesha yenyewe kwenye mtandao wa kripto) unakupa hisa. Siku hizi hazina nyingi zinafuata kiwango cha ERC-4626, kwa hiyo ukielewa moja umeelewa nyingi.

Mfano. Hazina ina USDC (sarafu inayofuata thamani ya dola) 500,000 na hisa 480,000. Ukiweka 1,000 unapata hisa 960, kwa sababu 1,000 × 480,000 ÷ 500,000 = 960. Sasa hazina ina 501,000 na hisa 480,960. Roboti ikivuna na kurudisha ndani 2,004, jumla inakuwa 503,004. Hisa zako bado ni 960, ila thamani yake sasa ni 1,004. Idadi ya hisa haiongezeki, kinachopanda ni bei ya hisa. Wengi hufungua pochi, wakaona 960, wakadhani wamekatwa 40 mlangoni. Hawajakatwa.

Mavuno yenyewe yanakwenda hivi: roboti inaita mkataba, mkataba unadai tokeni za zawadi, unaziuza sokoni, unatoa ada ya waendeshaji, kisha unarudisha kilichobaki kwenye mtaji. Ada hiyo iangalie vizuri. Hazina za Yearn za toleo la pili zilijulikana kwa asilimia 2 ya mtaji kwa mwaka pamoja na asilimia 20 ya faida. Ada ya faida haiumi pasipo na faida, lakini ada ya mtaji inakatwa hata mwezi ambao hazina haikupata kitu. Hakikisha asilimia unayoonyeshwa imeshatoa zote mbili.

---

Bwawa_Kimya

Asante mkuu. Swali: kwa nini nilipe ada hiyo wakati naweza kuandika roboti yangu ya kuvuna kila siku? Mtaji ni dola 1,000, zawadi ni asilimia 12 kwa mwaka.

---

Hesabu_Kwanza

Swali zuri, na lina jibu la namba.

Kila ukivuna unalipa ada ya gesi, yaani malipo ya mtandao kwa kila muamala. Ukivuna mara nyingi mno, gesi inakula faida. Ukichelewa mno, unapoteza faida ya juu ya faida. Muda unaofaa kati ya mavuno, kwa makadirio, ni huu:

muda (miaka) = (1 ÷ r) × kipeuo cha pili cha (2g ÷ P)

r ni riba, g ni gharama ya kuvuna mara moja (gesi ya kudai, kuuza na kuweka tena), P ni mtaji.

Kwako wewe: P = 1,000, r = 0.12. Kama mavuno moja yanagharimu senti 50, unapata mwaka 0.264, yaani takriban siku 96. Kwenye mtandao ambao gharama yote ni senti 2, inakuwa siku 19. Hazina yenye dola milioni moja, kwa gharama ileile ya senti 50, inapaswa kuvuna kila siku 3. Hapo ndipo nguvu ya hazina ilipo: gesi moja inagawanywa kwa watu wote.

Lakini tazama pia ukubwa wa kinachogombaniwa. Asilimia 12 bila kurudisha ndani ni APR. Ukirudisha kila siku, APY (riba ya mwaka pamoja na faida ya juu ya faida) ni 12.75. Tofauti ni dola 7.50 kwa mwaka kwa mtaji wako. Kwa hiyo roboti yako ya kila siku ingechoma gesi ya dola 182.50 (365 × 0.50) ili kupata dola 7.50. Hata kwa senti 2 ungetumia 7.30, umebaki na senti 20.

Na tovuti ikikuambia kwamba "kurudisha ndani" ndiko kunakogeuza 12 kuwa 40, hesabu hiyo haipo. Hata ukirudisha kila sekunde, 12 haivuki 12.75.

---

Fundi_Nodi

Naongezea jambo ambalo huwaponza wanaofuata asilimia kubwa: asilimia ya zawadi inategemea nani mwingine yumo ndani.

Mradi unagawa tokeni zenye thamani ya dola 300 kwa siku. Bwawa (chungu cha fedha za wawekaji wote) likiwa na dola milioni 1, hiyo ni asilimia 10.95 kwa mwaka. Roboti za watu wote zikiona namba hiyo zinaingia pamoja, bwawa linafika milioni 3, asilimia inashuka hadi 3.65. Na tokeni ya zawadi inauzwa na hizohizo roboti kila mavuno, kwa hiyo bei yake nayo inashuka. Ukiingia na mtaji mkubwa, wewe mwenyewe ndiye unayeishusha riba uliyoifuata. Roboti iliyoandikwa vizuri inakokotoa riba *baada* ya fedha zake kuingia. Zilizoandikwa ovyo zinasoma namba ya sasa na kukimbilia.

Kwenye ukurasa wa faida wa DefiLlama, tovuti ya takwimu za kripto, kuna safu mbili zilizotenganishwa: faida ya msingi, yaani riba au ada halisi, na faida ya zawadi. Kuna pia wastani wa siku 30. Mimi huanza na faida ya msingi na wastani. Bwawa lenye msingi 0.4 na zawadi 28 lina ratiba ya kufa, ila tu haijaandikwa mlangoni.

---

Mlinda_Daraja

Wakuu, sehemu ya mitandao mingi niacheni mimi, kwa sababu hapa ndipo hasara kubwa zilipotokea.

Roboti ikisema "nakuhamishia fedha kutoka Ethereum kwenda Arbitrum au Base", kuna daraja katikati, yaani mfumo wa kuvusha sarafu kati ya mitandao. Madaraja yapo ya namna kuu tatu. La kwanza linafunga sarafu upande mmoja na kutoa hati upande wa pili. La pili linachoma sarafu huku na kutengeneza mpya kule. CCTP ya Circle, kampuni inayotoa USDC, inafanya hivyo kwa ajili ya USDC. La tatu lina mabwawa ya ukwasi (fedha zilizo tayari kutolewa) pande zote, mtu anakulipa kule kisha yeye anadai huku.

La kwanza ndilo hatari zaidi kwa anayekaa muda mrefu, kwa sababu unachoshika ni hati tu. Ghala lililofungwa likiibiwa, hati yako haina kitu nyuma yake. Machi 2022 daraja la Ronin lilipoteza ETH 173,600 na USDC milioni 25.5 baada ya mshambuliaji kupata funguo 5 kati ya 9 za wathibitishaji. Februari ya mwaka huohuo Wormhole ilitengenezewa ETH 120,000 za bandia. Nomad ikafuata Agosti, takriban dola milioni 190. Julai 2023 fedha ziliondoka kwenye Multichain, na sarafu zilizokuwa zimepita daraja hilo kwenda Fantom, ikiwemo USDC ya huko, zikaporomoka bei. Mtu aliyekuwa na "USDC" ndani ya hazina ya Fantom hakuibiwa na hazina. Hazina ilikuwa salama kabisa, na kilichokuwa ndani yake kikapoteza sehemu kubwa ya thamani.

Kwa hiyo jina la sarafu halitoshi. Kwenye Arbitrum kuna USDC ya Circle yenyewe, na kuna USDC.e iliyopita daraja. Ni mikataba miwili tofauti. Roboti ikituma USDC.e kwenye hazina inayotaka USDC, muamala unagoma; ikiitupa tu kwenye anwani ya hazina bila kuita mkataba wa kuweka, fedha inaweza kukwama humo moja kwa moja. Linganisha anwani ya mkataba, tena ile iliyotolewa na mtoaji wa sarafu mwenyewe, si ile iliyonakiliwa kwenye kundi la mtandaoni.

Gharama ya kuhama nayo ina hesabu yake. Una 5,000, unatoka riba ya 5 kwenda ya 8. Tofauti ni dola 150 kwa mwaka, senti 41 kwa siku. Kama kutoa, kuvuka, kubadilisha na kuweka tena kunagharimu dola 12 kwa jumla, unahitaji siku 29 ili tu urudi ulipoanzia. Je, hiyo riba ya 8 itadumu siku 29? Roboti nyingi za kuhamahama zinafeli kwa sababu mwandishi hakuweka kizingiti cha chini cha kuhama. Weka kanuni: usihame mpaka faida inayotarajiwa ndani ya siku 14 izidi gharama ya kuhama mara mbili. Roboti itahama mara chache mno, na ndivyo inavyotakiwa.

---

Bwawa_Kimya

Na kuhusu muda wa kuvuka? Nasikia wengine wanangoja wiki nzima.

---

Mlinda_Daraja

Daraja rasmi la kutoka Arbitrum au Optimism kurudi Ethereum linachukua takriban siku 7, kwa sababu mitandao hiyo inaacha dirisha la kupinga taarifa ya uongo. Madaraja ya ukwasi yanakupa fedha ndani ya dakika kwa sababu mtu mwingine anazitanguliza kwa ada, kisha wiki anaingoja yeye. Kwenda ni rahisi, kurudi ndiko kwenye foleni. Panga njia ya kutoka kabla ya kuingia.

Na msisahau gesi ya upande wa pili. Fedha zinafika Avalanche, pochi haina AVAX hata kidogo, roboti haiwezi kuita muamala wowote. Sarafu zipo, unaziona, na huwezi kuzigusa. Kila mtandao uwe na akiba ya sarafu yake ya gesi: ETH kwa Base, Arbitrum na Optimism, BNB kwa mtandao wa BNB, POL kwa Polygon. Roboti ipige kengele akiba ikishuka chini ya miamala 20.

---

Fundi_Nodi

Kwa wanaoandika roboti wenyewe, haya ndiyo makosa yanayojirudia.

Desimali. USDC na USDT kwenye Ethereum zina desimali 6. Zile za mtandao wa BNB zina 18. Ukiandika 6 kila mahali, dola 1,000 unayotuma kule BNB inageuka sehemu ya senti isiyoonekana. Ukiandika 18 kila mahali, roboti inajaribu kutuma kiasi ambacho dunia nzima haina. Isome desimali kutoka kwenye mkataba wenyewe kila unapoanza, usiiandike kwa mkono.

Idhini ya USDT. Kwenye Ethereum, mkataba wa USDT unakataa kubadilisha idhini (kiasi unachoruhusu mkataba mwingine uvute kwenye pochi yako) kutoka namba moja isiyo sifuri kwenda nyingine isiyo sifuri. Lazima uiweke sifuri kwanza, ndipo uweke mpya. Roboti iliyojaribiwa kwa USDC tu inagonga ukuta huu siku ya kwanza.

Kiwango cha chini cha kupokea. Unapouza zawadi, muamala una sehemu ya kusema "nisipopata angalau kiasi hiki, ghairi". Wavivu huweka sifuri ili muamala usigome. Sifuri maana yake umekubali bei yoyote. Roboti nyingine inauona muamala wako ukiwa bado unasubiri, inauza mbele yako bei ishuke, wewe unauza kwa bei ya chini, kisha yenyewe inanunua tena nyuma yako. Kokotoa kiwango hicho kutoka kwenye chanzo cha bei kilicho nje ya bwawa, mathalani Chainlink, ukipunguza asilimia 0.5 au 1. Ukiuliza bei bwawa lilelile unalouza, ukaiuliza ndani ya muamala uleule, utajibiwa bei iliyokwisha kuchezewa. Kwa Ethereum tuma kupitia njia ya faragha kama Flashbots Protect, muamala usionekane na kila mtu.

Namba ya mfuatano. Kila muamala wa pochi una namba yake. Muamala namba 41 ukikwama kwa gesi ndogo, 42 hadi 60 yote inasubiri nyuma yake. Roboti inaendelea kutuma ikidhani imefanya kazi. Tibu kwa kutuma tena 41 yenye namba hiyohiyo na gesi ya juu zaidi. Usianzishe pochi mpya huku ya zamani bado ina foleni.

Nodi iliyochelewa. Ukitumia nodi ya RPC (kompyuta ambayo roboti inaiuliza na kutumia miamala kwenye mtandao) ya bure, inaweza kuwa nyuma kwa bloku kadhaa. Roboti inaweka fedha, inauliza salio, inajibiwa salio la zamani, inaweka tena. Uliza nodi mbili tofauti, na kama namba ya bloku imepishana zaidi ya 3, simama.

Na mtandao wenyewe kusimama. Desemba 15, 2023 kipanga miamala cha Arbitrum kilisimama kwa zaidi ya saa moja. Kama mkakati wako unahitaji kuongeza dhamana ndani ya dakika kumi la sivyo unafilisiwa, saa moja ya ukimya ni hukumu. Hilo linatupeleka kwenye mikopo ya mzunguko, naomba Hesabu_Kwanza aichukue.

---

Hesabu_Kwanza

Mikopo ya mzunguko ni pale hazina inapoweka dhamana, inakopa, inanunua dhamana zaidi, inaweka tena. Maarufu ni kuweka wstETH (hati ya ETH iliyostekiwa) na kukopa ETH. Faida yake:

L × y − (L − 1) × b

L ni mara ngapi mtaji umekuzwa, y ni faida ya dhamana, b ni riba ya mkopo. Chukua L = 5, y = 3, b = 2.5. Unapata 15 − 10 = asilimia 5. Pazuri. Sasa b ipande hadi 4: 15 − 16 = hasara ya asilimia 1. Riba imepanda pointi moja na nusu, wewe umeshuka pointi sita.

Na riba haipandi polepole. Masoko kama Aave yana kona: matumizi ya bwawa yakiwa chini ya kiwango fulani, riba inapanda taratibu, yakivuka, mstari unasimama karibu wima ili kuwalazimisha wakopaji warudishe. Roboti zote zilizo kwenye mzunguko zinataka kutoka saa hiyohiyo, na kutoka maana yake ni kuuza dhamana. Juni 2022 stETH, hati ambayo wstETH imejengwa juu yake, iliuzwa sokoni chini ya ETH kwa punguzo la zaidi ya asilimia 5. Kwenye L = 5, punguzo la 5 ni robo ya mtaji wako ukilazimika kuuza siku hiyo.

Kabla ya kuingia, uliza mambo matatu: chanzo cha bei cha soko hilo kinasoma bei ya sokoni au thamani ya ukombozi (kiasi unachopata ukiirudisha hati kwa mtoaji); roboti inapunguza L kwa kanuni ipi (kiwango cha afya, yaani umbali wa mkopo na kufilisiwa, 1.1 au 1.05?), na ukwasi wa kuuza dhamana yote ya hazina upo bila kusukuma bei?

Kuhusu mabwawa ya sarafu mbili nitakuwa mfupi. Bei ya moja ikipanda mara 2 dhidi ya nyingine, unabaki nyuma ya aliyeshika tu kwa asilimia 5.7, ikipanda mara 4, asilimia 20. Kwenye Uniswap v3, ambapo unachagua ukanda wa bei, pengo linakuwa kubwa zaidi kadiri ukanda ulivyo mwembamba. Roboti za kupanga upya ukanda zinasifiwa sana, lakini tazama zinachofanya: bei ya ETH inashuka hadi nje ya ukanda, umebaki na ETH tupu, roboti inauza nusu yake kwa bei hiyo ya chini ili ifungue ukanda mpya, bei inarudi juu. Hasara iliyokuwa ya kwenye karatasi sasa imekuwa halisi. Ada lazima zizidi hilo, na kwa jozi zinazoyumba mara nyingi hazizidi.

---

Ufunguo_Mmoja

Usalama, wakuu.

Roboti yako isitumie pochi yenye akiba yako. Fungua pochi ya kazi peke yake, iwe na gesi na haki ya kuita kazi mbili tatu tu: vuna, panga upya, simamisha. Mtaji ukae kwenye mkataba au kwenye pochi ya Safe yenye saini nyingi, na uwekewe sharti kwamba fedha zinaweza kutoka kwenda anwani moja tu, ya kwako. Seva ikivamiwa, mwizi atavuna mavuno yako na kuyarudisha ndani mwako. Ufunguo wa pochi ya kazi usiandikwe ndani ya faili la programu linalopakiwa GitHub. Zipo roboti zinazochungulia hazina za msimbo za umma kutwa kucha zikitafuta hicho tu.

Idhini. Unapobonyeza "ruhusu", tovuti nyingi huomba kiasi kisicho na ukomo. Kwenye pochi utaona namba ndefu inayoanza na 115792. Ibadilishe iwe kiasi unachoweka. Desemba 2021 tovuti ya BadgerDAO ilipachikwa msimbo mbaya ulioomba watumiaji idhini, na takriban dola milioni 120 zikavutwa kwenye pochi zao. Mikataba ya hazina haikuwa na kosa. Mlango uliopitiwa ni idhini. Na idhini ni za kila mtandao peke yake. Kufuta Ethereum hakufuti Polygon. Revoke.cash inakuonyesha mtandao mmoja mmoja, upitie wote.

---

Bwawa_Kimya

Kuna video inaonyesha msimbo wa roboti wa bure: unaunakili, unauweka mtandaoni kupitia Remix, unatuma ETH kwenye mkataba, unabonyeza "anza". Vipi hiyo? Na kuna kampuni inasema roboti yao inalipa asilimia 1 kila siku.

---

Ufunguo_Mmoja

Ya kwanza ni wizi, mkuu, usiiguse. Ndani ya msimbo ule anwani ya mwizi imekatwa vipandevipande na kufichwa kwenye kazi zenye majina ya kuvutia. Ukibonyeza "anza" vipande vinaunganishwa, salio lote linatumwa kwake. Hakuna roboti yoyote pale. Dalili: wanakuhimiza uweke angalau kiasi fulani "ili igharamie gesi".

Ya pili, piga hesabu: 1.01 kwa kipeo cha 365 ni 37.8. Dola 1,000 inakuwa 37,800 kwa mwaka, na mwaka wa pili inapita milioni 1.4. Mwenye mashine hiyo hana sababu ya kutafuta fedha zako. BitConnect iliuza hadithi hiyohiyo ya roboti ya biashara, ikafunga huduma yake ya mikopo Januari 2018, na tokeni yake ikaporomoka ndani ya saa chache. Mamlaka ya Marekani iliiita ulaghai wa takriban dola bilioni 2. Hazina halisi haiahidi asilimia. Inakuonyesha mkataba, na asilimia inapanda na kushuka kila siku.

---

Fundi_Nodi

Niseme na aina za mashambulizi kwa hazina halisi, maana "imekaguliwa" haimalizi kazi.

Oktoba 2020 mshambuliaji aliondoka na takriban dola milioni 24 za Harvest Finance. Alichukua mkopo wa papo hapo (unaochukuliwa na kulipwa ndani ya muamala mmoja), akasukuma bei ya USDT na USDC ndani ya bwawa la Curve, akaingia hazina wakati hisa zinaonekana rahisi, akairudisha bei, akatoka hisa zikiwa ghali. Akarudia tena na tena ndani ya dakika chache. Hazina ilikuwa inakokotoa bei ya hisa kwa kuuliza bwawa ambalo mtu yeyote mwenye fedha nyingi kwa sekunde moja anaweza kulipindisha.

Lingine ni la mwekaji wa kwanza kwenye ERC-4626. Hazina mpya haina kitu. Mshambuliaji anaweka kipande kimoja kidogo kabisa cha USDC, anapata hisa 1. Kisha anatuma USDC 10,000 moja kwa moja kwenye anwani ya hazina, bila kupitia mlango wa kuweka. Sasa hisa 1 ina thamani ya 10,000 na kidogo. Wewe unakuja na 10,000: hisa zako zinakokotolewa 0.99 na ushee, mkataba hauna desimali, unazungusha kwenda chini, unapata 0. Fedha zako zote sasa ni za mwenye hisa 1. Maktaba ya OpenZeppelin kuanzia toleo 4.9 iliweka hisa za kufikirika ili kuzuia hili, na waangalifu huweka amana ya kuanzia isiyotolewa kamwe. Kwa hazina mpya, tazama muamala wa kwanza kabisa.

Na hazina iliyo juu ya hazina. Machi 13, 2023 Euler ilipoteza takriban dola milioni 197, na miradi mingine iliyokuwa imeweka fedha humo ikaumia pamoja nayo. Fedha nyingi zilirudishwa baadaye, lakini hilo lilikuwa uamuzi wa mshambuliaji. Hesabu tabaka: sarafu, daraja, soko la mkopo, hazina, mzunguko. Tabaka tano ni mahali patano pa kuvunjika kwa malipo ya asilimia moja.

---

Mlinda_Daraja

Kwenye hilo la tabaka ongeza binadamu. Siku hizi kuna hazina ambazo msimamizi huchagua masoko ya kukopesha, roboti inatekeleza tu. Novemba 2025 Stream Finance ilitangaza kwamba msimamizi wa nje amepoteza takriban dola milioni 93. Sarafu yao xUSD ikaanguka, na masoko ya mikopo yaliyoipokea kama dhamana yakabaki na madeni yasiyolipika. Aliyeweka USDC kwenye hazina yenye jina zuri alikuta kumbe amewakopesha wenye xUSD. Kwa hazina ya namna hii fungua orodha ya masoko, soma dhamana moja moja na asilimia ya fedha iliyoko kila moja. Dhamana ambayo huwezi kueleza inapata wapi thamani, itoshe kukufanya utoke.

---

Bwawa_Kimya

Nimeelewa. Naomba mpangilio wa kukagua hazina moja, na wa kutoka bila kuacha kitu nyuma.

---

Hesabu_Kwanza

Kukagua: fungua anwani ya hazina kwenye Etherscan au mwenzake wa mtandao husika. Angalia msimbo umethibitishwa. Angalia kama ni mkataba unaoweza kubadilishwa, na nani ana haki ya kuubadilisha. Pochi ya mtu mmoja, ondoka. Saini nyingi pamoja na kufuli la muda la saa 48 au zaidi, unaweza kuendelea kusoma. Soma anwani ya mkakati, uone fedha ziko wapi kweli. Tazama mavuno ya mwisho yalikuwa lini: hazina inayotangaza asilimia kubwa huku mavuno ya mwisho yakiwa na miezi miwili imeachwa. Soma bei ya hisa leo na ya siku 30 zilizopita, gawanya, toa 1, zidisha kwa 12.2, hiyo ndiyo faida halisi, ilinganishe na ya kwenye tangazo. Kisha weka dola 20, toa dola 20. Hazina ambayo hujawahi kutoa fedha kwake, bado hujui kama inatoa.

Kutoka: kwanza angalia ukwasi uliopo, kwa sababu soko la mkopo lililotumika asilimia 100 halina cha kukupa mpaka wakopaji warudishe. Toa kwa kurudisha hisa zote badala ya kuandika kiasi cha sarafu, la sivyo unabakiza vipande vidogo. Dai zawadi kabla ya kurudisha hisa kama hazina inazitenga, maana nyingine huzipoteza ukitoka bila kudai. Uza zawadi kwa mafungu kama bwawa lake ni dogo. Futa idhini ya hazina na ya soko la kubadilisha kwenye mtandao huo. Hamisha sarafu kupitia daraja lenye USDC ya mtoaji mwenyewe. Gesi iache ya mwisho, kwa sababu kila hatua uliyosoma hapa inaihitaji, hata ile ya kufuta idhini.